Damu Iliyokwenda Semarang

Kwa maelezo ya Bu Karsinem, yaani Mama Karsinem, jirani yetu wa upande wa kisima, mambo yalikwenda hivi. Alfajiri, alipotoka kuteka maji, alimwona dada yangu Marsiyah ameketi kwenye kizingiti cha jikoni, kopo la chumvi kalibana kwa magoti, anajaribu kulifungua kwa meno huku machozi yanamtoka. Bu Karsinem akamwonea huruma. Akarudi kwake, akapika, akala, akaponda melinjo zake kidogo, zile kokwa zinazobapazwa kuwa vibanzi vyembamba vya emping, akasahau. Jua lilipofika utosini akasikia kishindo, akachungulia juu ya ua, na alichokiona, anasema, kilimfanya ajishike kifua: Marsiyah yule yule anaponda melinjo, to-to-to, anaimba pamoja na redio, na bata bukini wetu alipokuja kukanyaga nyungo za emping zilizoanikwa, akamdaka shingo kwa mkono mmoja, akamrusha juu ya ua. Bata akatua kwenye nyungo za Bu Karsinem.

"Sasa niambieni, wenzangu," alimalizia, na alimalizia hivyo hivyo katika kila nyumba aliyopita siku ile, "mkono ulioshindwa na kopo la chumvi, umemwezaje bata bukini?"

Watu walicheka. Bu Tarkiyah, mama mkwe wa dada yangu, hakucheka. Jioni ile alituita sote jikoni, akaweka nyundo yake chini.

"Ugonjwa wa asubuhi unaopona mchana nina jina lake," alisema. "Uvivu. Oda za Ramadhani zikianza, jiwe la Marsiyah atalikalia Wiji."

Wiji ni mpwa wake, msichana mwenye mkono mzito na moyo mzuri. Na jiwe la Marsiyah ni lile jeusi, laini, lililo karibu na mlango. Lilikuwa la bibi yetu, na Marsiyah alikuja nalo hapa alipoolewa. Kijijini kwetu, juu ya mji mdogo wa Limpung, kila nyumba inaponda emping, na mwanamke asiye na jiwe ni kama mgeni hata kwake: anachota maji, anafagia, anangoja kutumwa. Dada yangu alikuwa akiponda emping nyembamba mpaka ukiiinua unaona jua upande wa pili. Wanunuzi wa mjini walikuwa wakiziulizia kwa jina lake.

Mimi ni Ruminah, mdogo wake. Nilipomaliza shule ya msingi nilikuja kuponda pembeni yake, na tangu hapo sijahama. Mtu ukikaa na mwenzio jiwe kwa jiwe, unamjua kwa sikio. Nyundo yake ikichelewa kidogo tu, unageuka. Kwa hiyo kilichoniuma siku ile si kwamba Bu Karsinem alidanganya. Kilichoniuma ni kwamba alisema kweli. Kopo lilikuwa kweli. Bata alikuwa kweli. Mimi nilishayaona yote mawili tangu msimu uliopita wa melinjo, tena si mara moja.

Asubuhi alikuwa anaamka na mikono yote miwili imevimba pale vidole vinapoanzia. Ngumi haikunjiki. Anakanyaga chini kama aliyewekewa miba. Anakuja kuchuchumaa karibu na chungu tunachokaangia melinjo kwenye mchanga wa moto, anainamisha viganja juu ya mvuke, anangoja. Jua likipanda, kidogo kidogo vidole vinafunguka, anashika nyundo, na mchana ukimsikia huwezi kujua kwamba kulikuwa na asubuhi.

"Ni kama nimelala nimevaa mikono ya mbao," aliniambia. "Sasa nani ataamini, Rum? Hata mimi nikifika mchana naanza kujishuku."

Na jioni, wengine wakitoka, alikuwa anaweka mkono wake bapa juu ya jiwe jeusi na kuniuliza, "Hebu tazama kidole hiki. Kimeanza kulala?"

Nilijua anauliza nini. Vidole vya bibi yetu vyote vililala upande mmoja, kama mpunga uliopigwa na upepo, na havikuinuka tena. Miaka ya mwisho alikuwa analishwa wali kwa mkono wa mtu mwingine. Jiwe lake aliliangalia tu.

"Hakijalala," nilikuwa namjibu. Na moyoni naomba kesho niweze kusema hivyo tena.

Kwetu maumivu ya viungo yana jina moja, asam urat, yaani tindikali imezidi kwenye damu, na mkosaji ni mmoja, emping. Tunaziponda, tunaziuza, tunazila, halafu tunazilaumu. Bibi yetu alikufa na jina hilo. Marsiyah naye akapewa. Bu Tarkiyah, na hapa sitamsema vibaya maana alifanya kwa nia njema, alimkataza emping, akamkataza mchicha, maini, maharage na matunda ya melinjo yenyewe, dada akabaki na wali na maboga ya kuchemsha. Siku ya soko akampeleka kwa yule bwana mwenye kimashine kidogo, anayechoma kidole na kukupa namba ya tindikali yako hapo hapo. Namba ikatoka ndogo. Soko lililofuata, ndogo. Mara nyingine ikawa ndogo kuliko ya Bu Karsinem, ambaye alikuwa amesimama hapo hapo anatafuna emping.

"Mashine imechoka," alisema Bu Tarkiyah.

"Au betri," alisema Bu Karsinem, akimeza.

Hakuna aliyefikiri kwamba labda mashine ina akili timamu na sisi ndio tunauliza swali lisilo lake. Katika kijiji cha emping, kiungo kikivimba, unatafuta tindikali. Usipoiona, unaitafuta tena.

Baada ya ile habari ya bata, niliona siku za Ramadhani zinakuja na sikuweza tena kukaa kimya. Nilimpeleka dada kituo cha afya. Mganga pale alivitazama vidole kwa muda, akaandika kwamba tukamwone daktari wa viungo kwenye hospitali ya mjini. Bu Tarkiyah hakukataa. Alisema neno moja tu.

"Karsinem ataenda nanyi. Ruminah atamfichia dada yake. Nataka macho yangu yawe humo ndani."

Basi tukaondoka watatu kwenye pikipiki moja. Mimi mbele, Bu Karsinem nyuma na mkoba wake wa maembe, na Marsiyah katikati, kabanwa kama tempe, ule mkate wa soya, ndani ya jani la mgomba, ambayo ilikuwa bahati, kwa sababu asubuhi ile hakuweza kushika chochote. Kila kwenye bonde Bu Karsinem alipiga kelele, "Taratibu, wewe mtoto, mimi ni shahidi, nikifa nani ataongea?"

Na kweli aliongea. Daktari Ambarsari ni mwanamke mfupi mwenye miwani, sauti yake ya chini. Alimuuliza Marsiyah, "Nieleze, dada, inaanzaje?" Kabla dada hajafungua mdomo Bu Karsinem alishasogeza kiti.

"Daktari, mimi ni jirani. Sina upande. Lakini lazima ujue ukweli." Akaanza. Kizingiti, kopo la chumvi, meno, machozi. Akasimama kuonyesha bata alivyoruka. "Mchana anaimba! Anarusha ndege! Kesho asubuhi tena hawezi hata kufunga kifungo. Hivi kuna ugonjwa wa hivyo, daktari? Ugonjwa unaotazama saa?"

Nilimwangalia Marsiyah. Alikuwa ameinamisha kichwa, masikio yamemwiva. Kisha nikamwangalia daktari. Daktari alikuwa ameweka kalamu chini. Macho nyuma ya miwani yalikuwa yanang'aa.

"Rudia hapo, mama," alisema. "Asubuhi mikono imekaza. Inafunguka baada ya muda gani?"

"Jua likishafika juu ya paa la msikiti," alisema Bu Karsinem, kajiamini.

"Kwa hiyo zaidi ya saa moja."

"Zaidi sana! Mimi nasikia jiwe lake liko kimya, naosha vyombo, naanika nguo, bado kimya."

"Na hilo limeendelea kwa muda gani?"

"Tangu msimu uliopita! Kila siku! Ndiyo maana nikasema..."

"Mikono yote miwili? Sawasawa?"

Bu Karsinem akasita. Akaanza kuhisi kwamba kesi inamponyoka. "Yote miwili," alisema polepole. "Na miguu. Anatembea kama kuku aliyelowa."

Daktari akachukua mikono ya dada yangu. Hakubonyeza ovyo kama yule mkandaji wa kijijini. Alipita kifundo kwa kifundo kwa ncha ya kidole gumba, na kila alipofika pale palipovimba alimwangalia dada usoni, si mkononi. Marsiyah akauma mdomo.

"Mama," daktari alimgeukia Bu Karsinem, "ungekuwa umekaa nyumbani leo ningepata kazi ngumu. Ulichonieleza ndicho nilichokuwa nataka kusikia. Tindikali ikizidi, mara nyingi inavamia kiungo kimoja ghafla, sana sana dole gumba la mguu, mtu analia usiku kucha, halafu inaondoka. Huu hauji hivyo. Huu unakuja mikono yote miwili, unakaza asubuhi, unalegea mtu akishatembeatembea. Ndiyo, kuna ugonjwa unaotazama saa."

Bu Karsinem alikirudisha kiti chake nyuma. Nilitamani kucheka, nilitamani kumkumbatia, sikujua lipi lianze.

"Unaitwaje?" aliuliza Marsiyah. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Nadhani ni baridi yabisi. Si ile tunayosema kila mtu akiumwa mgongo, ile yenyewe. Lakini sitaki kudhani. Nataka damu yako iseme." Akachora kwenye karatasi kitu kama nyumba. "Ndani ya damu kuna kingamwili. Ni walinzi. Adui akiingia, mdudu wa homa, wa kidonda, wanampiga. Kwa watu wengine walinzi hawa wanakosea. Wanaona viungo vya mwenye nyumba wanadhani ni mwizi. Wanapiga, panavimba. Usiku mtu amelala hajisogezi, uvimbe unatuama, asubuhi ndiyo hiyo. Sasa, walinzi wa namna hiyo tunaweza kuwatafuta. Vipimo viko viwili. Cha zamani tunakifanya hapa leo. Cha pili, wanakiita anti-CCP, kinapelekwa maabara ya mji mkubwa, Semarang, kinachukua siku kadhaa. Na hiki cha leo kikikosa kitu, msikate tamaa. Wapo wagonjwa wengi ambao hakiwaoni, na wapo wazima ambao kinawasingizia. Kile cha Semarang hakisingizii mtu kirahisi."

Walimtoa damu. Marsiyah kwa kawaida hutazama pembeni, siku ile aliitazama inavyopanda kwenye kichupa, nyekundu iliyokolea, kama anaitegea sikio. Wakapiga na picha ya mifupa ya mikono. Tukakaa kwenye benchi tunakula maembe ya Bu Karsinem.

Jibu la kipimo cha zamani lilitoka alasiri. Hakuna kitu. Hakuna walinzi waliokosea.

Daktari alirudia maneno yake, tungoje Semarang. Lakini "hakuna kitu" ni neno jepesi kubeba, na Bu Karsinem alishaanza kulisema kabla hatujatoka getini. Tulipofika kijijini pikipiki ilikuwa bado haijasimama vizuri, alishashuka.

"Damu safi!" alimwambia Bu Tarkiyah. "Safi kama maji ya kisima! Lakini daktari kasema kuna kingine, eti kimekwenda Semarang. Mimi sijui. Mimi nasema nilichosikia."

Bu Tarkiyah aliendelea kupepeta. "Safi," alisema. "Sawa."

Asubuhi iliyofuata Wiji alikuja. Aliketi kwenye jiwe jeusi karibu na mlango, kaona haya mpaka shingoni, akaanza kujifunza. Pah. Pah. Melinjo zilipasuka vipande. Emping zake zilikuwa nene kama soli ya kandambili. Marsiyah alikuwa amechuchumaa penye chungu, mikono juu ya mvuke, anasikiliza kila pigo.

"Usipige katikati mara ya kwanza," alimwambia Wiji mwishowe. "Anza pembeni, iruhusu itanuke, ndiyo uje katikati. Na iwe moto. Ikipoa inakataa."

"Samahani, dada," Wiji alinong'ona. "Mimi sikuomba."

"Najua. Ponda."

Nilishindwa kuangalia. Nilitoka nje nikajifanya nageuza nyungo juani.

Siku zile za kungoja sijui nilizimalizaje. Simu niliiweka ndani ya kitambaa cha kichwa ili hata nyundo zikipigwa nisikie. Kila ilipolia nilirukia: kampuni ya simu, mtu kakosea namba, Sarwoto mume wa dada anayejenga maghorofa Jakarta anauliza, "Bado?" Bado. Marsiyah ndiye aliyekuwa ananituliza. Jambo la ajabu lilikuwa limemwingia. Hakulia tena kwenye kizingiti. Akishindwa kopo la chumvi, ananipa mbele ya watu, anasema, "Nifungulie, mikono yangu ya asubuhi hii." Ni kama yule daktari alimrudishia nusu ya kitu, na sasa anangoja nusu iliyobaki.

"Na wakisema hakuna?" nilimuuliza.

"Basi nitakuwa mwongo," alisema. Akaweka mkono juu ya jiwe, Wiji alishaondoka. "Hebu tazama. Kimelala?"

Nilitazama kwa muda mrefu kuliko siku zote. Kidole kidogo cha mkono wa kulia. Nikainama, nikakitazama kwa upande, kama unavyotazama emping kujua unene wake.

"Hakijalala," nilisema. Lakini sikuwa na uhakika kama jana, naye aliliona hilo.

Hospitali ilipiga simu siku ya soko, sokoni kwenyewe, katikati ya kelele za kuku. Nesi alisema, "Jibu limerudi. Daktari anataka mje." Nikapiga kelele, "Ni lipi?" Akasema hasemi kwenye simu. Niliacha vifurushi kwa mwenye duka la sukari, nikapanda pikipiki, nikamchukua dada jinsi alivyo, kavaa kandambili zisizofanana. Safari hii tulikuwa wawili. Nilifunga kitambaa kuzunguka viuno vyetu ili asihitaji kunishika, na nikaendesha namna ambayo Bu Karsinem angekufa kweli.

Daktari Ambarsari alikuwa amesimama. Daktari hasimami kukungoja kama hana neno.

"Kipo," alisema. "Kingamwili kipo, tena kiko juu sana. Hapa ndipo kawaida inapoishia," alionyesha kwenye skrini kwa kalamu, "na wewe uko huku."

Marsiyah alitazama mahali kalamu ilipo, kisha ilipoanzia, kisha kalamu tena. "Kwa hiyo," alisema, "naumwa?"

"Unaumwa."

"Kweli kabisa naumwa?"

"Kweli kabisa."

Dada yangu akaruka. Sijawahi kumwona akiruka tangu utotoni. Akanikumbatia kwa viwiko, kwa sababu mikono ilikuwa bado ya asubuhi, akacheka, akalia, akasema, "Rum! Naumwa! Umesikia? Naumwa!" Mlango ulikuwa wazi. Mama mmoja kwenye benchi akapiga makofi, akasema, "Hongera! Wa ngapi huyu?" Aliyekaa pembeni yake akauliza kama ni wa kike au wa kiume. Marsiyah akawajibu, "Wa Semarang!" nasi tukazidi kucheka mpaka nesi akaja kufunga mlango.

Daktari alitusubiri tupoe. Hakukasirika. Kisha akaweka ile picha ya mifupa kwenye mwanga, na tukanyamaza wenyewe.

"Sasa sikiliza, maana hii ni habari nzuri kuliko ile. Angalia hapa, na hapa. Mifupa yako bado ni mizima. Haijaliwa. Bibi yenu, kwa mlivyonieleza vidole vyake, naamini aliumwa huu huu, akakaa nao miaka bila dawa inayoufaa. Wewe umewahi. Tukianza sasa, kuna matumaini makubwa vidole vyako visiende huko. Siahidi. Nasema matumaini makubwa."

"Nitaponda?" aliuliza Marsiyah.

"Kwa sasa pumzisha mikono. Dawa haifanyi kazi kesho, inataka wiki nyingi, pengine miezi. Ikikubali, tutakuruhusu kidogo kidogo." Akanyoosha kidole, sauti ikawa kali. "Kidonge hiki ni mara moja kwa wiki. Mara moja. Si kila siku, watu wamedhurika hivyo. Usishike mimba ukiwa unakimeza, ongea na mumeo. Na kila mara utakuja tuangalie damu na ini. Umeelewa?"

"Mara moja kwa wiki," tulisema pamoja, kama watoto darasani.

Nilirudi taratibu. Marsiyah alikuwa anaimba mgongoni mwangu. Mpunga ulikuwa wa kijani pande zote za barabara, na mimi nilitaka kumsimamisha kila mtu aliyeinama shambani nimwambie. Tulipoikaribia nyumba, tulisikia nyundo. Pah, pah, ya Wiji. Na to-to-to, kavu, ya Bu Tarkiyah.

Bu Karsinem alitufikia kabla hatujavua kofia. "Enhe?"

"Ipo," nilisema. "Baridi yabisi yenyewe. Damu imesema huko Semarang."

Alisimama. Niliona uso wake unavyohangaika, habari imekuja ikiwa imegeuka juu chini na yeye amekwisha kuisambaza ile nyingine kwa kijiji kizima. Haikumchukua muda. Akashika kiuno, akageukia barabara ambako mama wawili walikuwa wanapita na mizigo ya kuni.

"Mnasikia? Si niliwaambia? Kopo la chumvi asubuhi, bata mchana! Daktari mwenyewe alisema, mama, usingekuja wewe ningepata kazi ngumu! Alisema hivyo au hakusema, Ruminah?"

"Alisema," nilikubali, kwa sababu alisema.

"Mimi ndiye niliyeugundua!" Bu Karsinem alisema, na akaondoka nao, anaanza upya kutoka kwenye kizingiti.

Jikoni, Bu Tarkiyah hakuwa ameacha kuponda. Marsiyah alichuchumaa mbele yake, akamweleza yote, walinzi, nyumba, mwizi, picha ya mifupa, kwa heshima na bila haraka. Hakusema neno uvivu. Alifungua mfuko, akatoa dawa. Nilivyomwona Bu Tarkiyah, alikuwa anapiga emping ile ile iliyokwisha kuwa nyembamba, anaipiga tena, mpaka ikatoboka.

"Kinamezwa lini?" aliuliza, haangalii juu.

"Mara moja kwa wiki, Mama."

"Basi kila Kliwon. Nikienda soko nitakumbuka, nikirudi nakupa na maji."

Nilipiga ukelele mpaka nyundo ya Wiji ikasimama. Lakini Marsiyah alitabasamu. Soko letu la Kliwon hurudi kila baada ya siku tano, na kwa Bu Tarkiyah hiyo ndiyo wiki, hajawahi kuwa na nyingine.

"Kliwon inawahi kurudi, Mama. Daktari anataka siku saba. Kikizidi kinadhuru."

Bu Tarkiyah akafikiri. Midomo ilikuwa inahesabu. "Ijumaa, basi," alisema. "Watu wakitoka msikitini. Nitakumbuka kwa watu."

"Ijumaa, Mama."

Akachukua dawa kutoka mkononi mwa dada, na alipoichukua aligusa vile vifundo vilivyovimba, sijui kwa bahati au kwa kutaka, na mkono wake ukakaa hapo muda zaidi kidogo kuliko unaohitajika kuchukua kitu. Kisha akaiweka dawa kwenye rafu ya juu, pembeni ya kopo la chumvi. Akakaa tena kwenye jiwe lake.

Marsiyah hakuinuka. Niliona anavyovuta pumzi. Kwa siku zote hizo alikuwa hajamwomba mkwewe kitu.

"Mama," alisema. "Wiji aponde, oda za Ramadhani zisikwame. Mimi nitakaanga, nitamenya, nitamfundisha. Lakini lile jiwe lisiwe lake. Nitunzie. Daktari amesema mifupa bado mizima. Nitunzie jiwe langu, Mama, mpaka mikono irudi."

Wiji aliishusha nyundo taratibu juu ya goti lake, akasogea kando kidogo, jiwe jeusi likabaki wazi katikati yao. Bu Tarkiyah alilitazama. Kisha aliitazama mikono ya dada yangu, wa kulia, halafu wa kushoto, kifundo kwa kifundo, kama mtu anayeiona leo kwa mara ya kwanza. Kwenye chungu melinjo zilianza kupasuka, pa, pa, harufu ya kuungua ikapanda, na kati yetu wote wanne, ambao hatujawahi kuacha melinjo ziungue, hakuna aliyenyanyuka kwenda kuzitoa.